Namba Zilizovaa Tisa

Asanteni kwa saa ya ukutani. Mtu akistaafu ndipo anapopewa saa, wakati hana tena pa kuwahi, lakini ni nzuri na nimeitundika sebuleni. Mmeniomba niandike ya kazini kabla sijayasahau. Ya vyeo sitayaandika, hayana ladha. Nitaandika habari ya hesabu moja niliyoikosea nikiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa sababu wiki ile niliyokuwa nafungasha vitu vyangu, Asha aliniuliza swali lenyewe bila kujua kwamba ni langu.

Kwa wasiomjua, Asha ndiye anayeandika programu za vile vifaa vyetu vidogo vinavyokaa kwenye mito na kurekodi kina cha maji. Alikuja na sura imekunjamana. Maji yakipanda, kifaa kinasema vizuri. Yakishuka, kinazidisha kidogo, kila mara. Alikuwa anagawa kwa kusogeza. Kompyuta huandika namba zake kwa sifuri na moja tupu, na ukizisogeza zote hatua moja kulia, umegawa kwa mbili, ile ya mwisho ikaanguka nje. Sasa kushoto panabaki pengo, na pengo lazima lijazwe. Namba ikiwa chanya inajazwa sifuri, hakuna ugomvi. Ikiwa hasi, sheria za lugha ile ya programu iitwayo C, aliyokuwa akiitumia, zilimwachia mwenye kutengeneza mashine aamue mwenyewe. Na ukiisogeza hasi kwenda kushoto, ndiyo kabisa: sheria zimesema hazikuahidi kitu, litakalokupata ni lako. Asha akaniambia, “Mama, hasi moja nikiisogeza kulia inabaki hasi moja. Nimeisogeza mara kumi. Haifi.” Nilicheka mpaka nikatoa machozi, naye akanuna. Samahani, mwanangu. Sikuwa nakucheka wewe.

Mimi nilikutana na hiyo hasi moja isiyokufa kabla sijaona kompyuta kwa macho, mjini Same, kwenye mashine ya chuma yenye mpini.

Nilianza kazi miaka ile ya vijiji vya ujamaa, katika ofisi ndogo ya upimaji ambayo jina lake siliandiki, ilishakufa na marehemu hasemwi vibaya. Kazi yetu ilikuwa kupima usawa wa ardhi kwa ajili ya mifereji ya maji kutoka milimani kwenda vijiji vipya. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nikakaribishwa na Bwana Athumani, mtu wa Makanya, mpole, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyokuwa nyeupe kuliko karatasi zetu. Nilimwamkia, akaitika, kisha bila salamu za ziada akanikalisha mbele ya mashine ya kuhesabu na kuniambia niinue. Nikainua kidogo, nikaiweka. Akasema vizuri, sasa unajua kwa nini haiibiwi.

Mashine yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, na ina harufu ya mafuta ya cherehani. Mbele ina vipini vidogo unavyoshusha kupanga namba yako. Pembeni kuna mpini mkubwa: ukiuzungusha mbele unajumlisha, ukiuzungusha nyuma unatoa. Chini kuna behewa, ndivyo tulivyoliita, lenye vidirisha kumi na tatu vya majibu, nalo linasogezwa kulia au kushoto hatua kwa hatua. Juu ya behewa, kwenye mwili wa mashine, pamefungwa alama ya shaba. Unasoma kilichoko kushoto mwa alama, cha kulia unakiacha. Kwa hiyo ukitaka kugawa kwa kumi huhitaji kuzungusha chochote. Unasogeza behewa hatua moja kulia, tarakimu ya mwisho inavuka alama, kazi imekwisha.

Wiki mbili za kwanza nilijumlisha tu. Wiki ya tatu Bwana Athumani akaniambia nipange tatu, nitoe saba. Nikazungusha nyuma. Kengele ikalia ndani ya mashine, nikaruka, na vidirisha vyote vikajaa tisa: tisa, tisa, tisa, mpaka mwisho, na sita pembeni. Nilidhani nimeivunja, nikaanza kuomba radhi. Akacheka taratibu. Akanieleza kwamba mashine haina alama ya hasi, kwa hiyo namba ikizama chini ya sifuri inavaa tisa. Tisa tisa tisa na sita maana yake ni hasi nne, kwa sababu ukiongeza nne vidirisha vyote vinarudi sifuri. Nikamwona mchawi.

Akanipa na sharti. Namba ikivaa tisa, kabla hujaifanya lolote, ivue kwanza. Yaani ipindue, iandike kwenye karatasi kama namba ya kawaida yenye alama ya hasi mbele, ndipo uigawe au uikate. Nilimwuliza kwa nini, akasema ndivyo alivyofundishwa. Jibu hilo kwa msichana wa miaka ishirini na mmoja aliyetoka sekondari na maksi nzuri halikuwa jibu.

Na kuvua tisa kulikuwa kunachosha, msidhani. Mpimaji wetu alikuwa Bwana Masanja, mtu wa Usukumani, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Yeye hupita na darubini yake na rula ndefu, kigingi kwa kigingi, anaandika kutoka kigingi hiki hadi kile ardhi imepanda au imeshuka milimita ngapi. Fomu za ofisi zilitaka sentimita. Basi mimi nachukua kila kipimo, natoa, kama kimeshuka kinavaa tisa, nakivua, nakata tarakimu ya mwisho kwa kukadiria, naandika. Kipimo kimoja dakika mbili. Vipimo mia, mkono hauinui kijiko.

Sasa mwaka ule kila kitu kilikuwa kinahamishwa, watu, shule, mpaka mbuzi. Mama yangu naye alihamishwa. Alikuwa na shamba lake milimani, upande wenye ukungu na migomba, akashushwa yeye na majirani kwenye kijiji kipya ng'ambo ya mlima, upande mkavu, ambako jogoo mwenyewe huwika kwa kukwaruza koo. Maji walichota mbali, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi, na mama mgongo wake haukuwa wa kubeba ndoo tena. Serikali iliahidi mfereji. Utatoka kwenye kijito upande wa Mhezi, uambae mlima, upite kwenye mwanya mmoja wa mawe kati ya vilele viwili, ndipo ushuke kijijini. Hesabu ya mfereji huo ikaletwa kwenye meza yangu. Mnaona jinsi Mungu alivyo na mizaha.

Vigingi vilikuwa mia tatu thelathini. Bwana Athumani alikuwa Makanya kwenye msiba wa baba yake. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kutoka juu ilikuja amri kwamba kuchimba kuanze wiki hiyo hiyo. Kawaida Bwana Masanja akishapima kwenda, hupima na kurudi, ili vipimo viwili vichungane. Safari hiyo hakurudi. Haraka ilikuwa amri.

Nami nikapata akili. Nilijiambia, kwa nini nivue tisa? Namba ikiwa na tisa au bila tisa ni namba. Nisogeze tu behewa hatua moja kulia, tarakimu ya mwisho ivuke alama, niandike inavyosomeka na tisa zake, na mwisho wa hesabu ndipo nivue mara moja tu. Nikajaribu chache, zikaonekana nzuri. Pengo lililobaki kushoto nililijaza tisa kwa kichwa changu, kwa kuwa namba iliyovaa tisa si itaendelea kuvaa tisa? Kazi ya siku nne nikaimaliza kwa siku moja na nusu. Nilijiona mjanja, nikanunua soda.

Jibu lilikuwa tamu. Maji yatafika mwanyani yakiwa juu ya mwamba kwa mita moja nzima, na Bwana Masanja alihitaji nusu tu. Hilo la mwamba lilikuwa muhimu, kwa maana pale mwanyani hapachimbiki. Sururu inatoa cheche. Maji ama yanafika juu yake, ama hayapiti. Bwana Masanja akanipongeza mbele ya watu, akaniita Ndugu Nakijwa kwa sauti ile ya ng'ombe, na kuchimba kukaanza.

Watu walichimba kwa msaragambo, kama Wapare walivyochimba mifereji yao tangu mababu, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Mkuu wao alikuwa Mzee Kajiru wa Mhezi, ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kutunza mifereji na kugawa zamu za maji. Yeye hakuwa na darubini. Alikuwa na karai. Analijaza maji nusu, analiweka chini, analala kifudifudi kidevu kikigusa udongo, anatazama juu ya uso wa maji kuelekea anakotaka kupeleka mfereji. Basi alilala hivyo karibu na mwanya, akainuka, akajipangusa, akamwambia Bwana Masanja kwamba maji hayatapita. Bwana Masanja akamjibu kwa heshima kwamba imehesabiwa kwa mashine, na mashine haina mjomba. Mzee Kajiru akachukua jembe lake akaendelea kuchimba, maana amri ni amri.

Hayo yote sikuyajua. Siku ya tisa ya kuchimba ilikuwa siku ya soko Same, na mama alishuka akanipitia ofisini. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikaona amefunga kiganja kwa kitambaa. Malengelenge. Nilimwambia mama, wewe na mgongo huo unachimba nini, si wangekwenda vijana? Akasema kila nyumba inatoa mtu, na nyumba yake ina mtu mmoja. Kisha, kama anayesimulia habari za jirani, akasema Mzee Kajiru anadai maji yatafika mwanyani yakae kitako. Watu wanamcheka, wanamwambia hesabu amefanya binti wa Same. Akasema naye amewajibu kuwa hesabu ni ya mwanawe.

Alisema kwa fahari.

Alipoondoka nilifungua daftari. Sikuwa na sababu ya kuhofu, lakini neno la mzee halikuniacha. Nikatafuta kipimo kidogo kuliko vyote, nikakipata: kigingi kimoja ambapo ardhi ilishuka milimita moja. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika tisa tupu, yaani imeshuka sentimita moja. Nikadhani nimenakili vibaya. Nikairudia kwenye mashine: sifuri, toa moja, kengele, tisa kumi na tatu. Nikasogeza behewa hatua moja kulia. Tisa ya mwisho ikavuka alama, na nyuma yake kuna nini? Tisa. Hasi moja. Nikasogeza tena. Hasi moja. Nikasogeza mpaka behewa likagota, na bado mashine inanitazama kwa tisa zake. Milimita moja ikigawanywa kwa kumi si chochote, inaandikwa sifuri. Mimi niliigeuza sentimita.

Nikachukua kipimo kingine. Ardhi imepanda milimita thelathini na saba: nikisogeza, inabaki tatu. Imeshuka thelathini na saba: inavaa tisa na mwisho wake ni sita tatu, nikisogeza, ile tatu inavuka alama, inabaki tisa tisa na sita, yaani hasi nne. Mnaona? Ikipanda naipunguza. Ikishuka naizidisha. Pande zote mbili naisukumia chini. Kila kigingi kilikuwa kinaizamisha milima ya Upare kidogo, karibu nusu sentimita, na vigingi vilikuwa mia tatu thelathini. Nikazidisha kwa vidole, mashine sikuitaka tena. Mita moja na nusu. Mwanya haukuwa mita moja chini ya maji. Ulikuwa nusu mita juu yake.

Nilikimbilia kabatini nikatoa kitabu cha mashine. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa arobaini, kimeeleza mpaka namna ya kupaka mafuta. Kimesema namba ikizama itavaa tisa. Kimesema behewa husogezwa kugawa kwa kumi. Ukiisogeza namba iliyovaa tisa utapata nini, hakuna. Walinyamaza kimya. Nami nilikuwa nimeujaza ukimya wao kwa kichwa changu, nikawachimbisha watu siku tisa. Nililia, sioni aibu kusema.

Bwana Athumani alirudi kesho yake, bado na majonzi yake. Nikamweleza yote. Sikutegemea afoke, na hakufoka, ndipo nikaumia zaidi. Akavua koti, akavuta kiti, akasema, “Haya. Tuzivue.” Tukazivua zote, kipimo kwa kipimo, yeye anasoma na mimi nazungusha, kisha tukabadilishana. Jibu lilikuja lile lile la Mzee Kajiru na karai lake.

Tukaingia kwa Bwana Masanja. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Akasema na yeye ana kosa, hakupima kurudi. Kisha akashusha sauti, sikujua kama anayo sauti ya chini, akaniambia, “Ndugu Nakijwa, naweza kuandika kwamba mashine ilikuwa mbovu. Mashine haina mke wala watoto.”

Jamani, nilitaka. Nisiwadanganye. Neno “ndiyo” lilishafika mdomoni. Nilikuwa msichana pekee kwenye mashine zile, na walikuwepo wakubwa waliosubiri nikosee ili waseme si tulisema. Lakini mashine ilikuwa imeandikwa kwa jina la Bwana Athumani. Ikiwa mbovu, ataulizwa yeye kwa nini aliitunza vibaya, tena akiwa ametoka tu kumzika baba yake. Naye alikuwa amesimama pale pale kando yangu, anakunja ile kofia yake mkononi. Nikasema mashine ni nzima. Nikasema nitakwenda kuwaambia mwenyewe.

Tulipanda asubuhi na gari la ofisi, halafu kwa miguu. Watu walikuwa kazini, wamepanga mstari kando ya mlima, na mtaro waliokwisha kuuchimba ulikuwa umenyooka vizuri, mzuri kabisa, hatua mamia kwa mamia. Hilo liliniuma. Kazi nzuri mahali pasipofaa. Bwana Masanja akawakusanya, akanipisha. Nilitafuta maneno ya ofisini nikayakosa. Nikawaambia kwamba maji hayatapita mwanyani, Mzee Kajiru alisema kweli, na aliyekosea hesabu si mashine wala bwana mpimaji, ni mimi. Mtaro huu mliouchimba uko chini. Inabidi tukachukue maji juu zaidi kwenye kijito na tuanze upya.

Wengi waliegemea majembe yao wakanitazama tu. Mwanamume mmoja akakaa chini. Mzee Kajiru angeweza kunimaliza pale, haki ilikuwa yake, lakini alikuwa anatazama udongo. Mama yangu alikuwa mstari wa mbele, kitambaa chake mkononi kimeshakuwa cheusi. Akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniuliza nimekula.

“Safari hii umehesabu mara ngapi?”

“Mbili, mama. Mimi na Bwana Athumani. Moja moja, kwa mkono.”

“Na Mzee Kajiru ameona?”

Sikuwa nimemwonyesha. Hilo nalo sikuliwaza. Nikamfuata mzee mbele ya watu, nikapiga goti, nikamwomba atembee njia mpya na karai lake. Akanitazama, akasema twende. Tulitembea mpaka jua likawa la utosi, mimi ndiye niliyebeba karai. Mara mbili alihamisha kigingi chetu, na mara zote mbili Bwana Masanja akaweka darubini, akapima, akaandika bila ubishi. Tuliporudi mzee aliwaambia watu neno moja tu, kwamba yatapita. Mama akatema mate kiganjani, juu ya kile kitambaa, akanyanyua jembe, akapanda juu kwenye kigingi cha kwanza. Mmoja mmoja wakamfuata.

Maji yalipita mwanyani baada ya wiki tano, mvua zikiwa zimeshaanza, na yanapita mpaka leo. Bwana Athumani alinirudisha kwenye meza yangu, akaniongezea sharti la pili: nikishindwa kujua kitabu kinasemaje, niulize mtu, na mtu asipojua, nijaribu kwa namba ndogo kuliko zote nione. Nimeishi nalo miaka arobaini. Asha, ndiyo maana nilikuambia uanze na hiyo hiyo hasi moja yako. Halafu andika wazi kwenye programu yako unavyotaka igawe, usiiachie ikisie.

Ule mtaro wa kwanza upo bado. Utauona ukitoka barabarani, mstari mmoja umenyooka chini ya ule wenye maji. Watu wa pale wanauita mfereji wa Nakijwa, hata waliozaliwa juzi wasiojua Nakijwa ni nani. Haujapitisha tone. Ila mama alisema udongo umeshalainishwa na watu wazima siku zaidi ya tisa, haufai kutupwa, akapanda humo viazi vitamu. Kila msimu, mpaka alipofariki, aliniletea kapu ofisini Same, akaliweka juu ya meza kando ya mashine na kumwambia Bwana Athumani, bila kunitazama mimi, kwamba ni mazao ya hesabu ya binti yake. Nilivichemsha nikavila. Vilikuwa vitamu sana.